Fremu ya Thelathini na Saba

Boksi la viatu, namba sita, viatu vya kazi ya wadi.
Ndani si viatu, ni usiku.
Usiku zaidi ya mia mbili, uliokatwa vipande vya fremu sita sita,
ukavishwa karatasi nyembamba
na mwandiko wangu wa penseli:
Glasgow, Novemba 1980, Ukumbi wa Kinnaird,
filamu ya tatu, mvua.

Mvua! Kana kwamba Glasgow mvua huandikwa.

Siku hizi goti la kushoto hunung'unika nikipanda ngazi,
na sikio la kulia limebaki na mluzi mwembamba
ambao daktari ana jina lake refu,
nami nauita Rankine,
kwa kuwa spika za Finlay Rankine ndizo zilizoupanda humo,
nimebanwa kati ya jukwaa na vyuma vya kuzuia umati,
bia za watu zikinimwagikia utosini.

Nyimbo tatu tu, tuliambiwa, kisha nje.
Nyimbo tatu, fremu thelathini na sita,
na kila fremu peni za mlo wangu wa mchana.
Njaa ndiyo iliyonifunza kusubiri:
si mruko, pumzi ya kabla ya mruko;
si ukelele, mate yanayong'aa kwenye maikrofoni
ukelele ukishapita.

Leo nimewasha meza ya taa.
Nimeinama, jicho kwenye kioo cha kukuzia,
na ulimwengu umegeuzwa kama soksi:
taa ni mashimo,
moshi ni wino,
gitaa jeupe limekuwa jeusi ti,
na umati wote ule, vijana wa karakana za meli,
nyuso zao za unga wa ngano,
weusi, weusi wote, utadhani harusi ya kwetu Tanga.
Nacheka peke yangu jikoni.
Agnes Tulloch kwenye dramu, mabega juu, meno nje,
ni shangazi Mwanahawa mtupu
akikung'uta magodoro siku ya kunguni.

Rankine alifariki mwaka juzi.
Gazeti likaniomba picha, nikatuma ile ile:
mdomo wazi, mishipa ya shingo imetuna.
Hakuna aliyeulizia fremu iliyoitangulia,
amechutama anafunga kamba za kiatu,
na utosini, mviringo mdogo wa upara
alioufichia kofia miaka kumi.

Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga.
Hawakumfikiria mpiga picha.
Mimi nilikuwepo,
nilikuwepo mpaka masikio yakafa ganzi,
na langu halikuwepo.

Mpaka filamu hii ya tatu. Kipande cha mwisho.
Thelathini na tano: Rankine.
Thelathini na sita: kiwiko cha Rankine.
Halafu, pale filamu ilipopaswa kuwa imekwisha,
moja zaidi, imeliwa nusu na ukingo:
mtu mfupi amepiga magoti,
kifuniko cha lenzi kakiuma kwa meno,
vidole vinapambana na kamera ya pili.
Uso mweupe pe.
Kwenye negativu, maana yake ni mimi.
Nywele nazo nyeupe,
nyeupe kama zilivyo leo,
kana kwamba filamu ilishajua, ikanyamaza
miaka yote ile ndani ya boksi.

Kamera ya kwanza niliiacha ukingoni mwa jukwaa.
Nani aliiokota?
Murdo wa nyaya, labda,
ambaye hakuwahi kunisemesha,
ila kila usiku nilikuta kikombe cha chai
juu ya kreti, kimefunikwa sahani.
Au mlevi tu, kabonyeza, kairudisha.

Naiinua dirishani.
Nje mvua, ileile, haijamaliza.
Mkono wake ulitetemeka.
Fokasi imeangukia soli ya kiatu changu,
namba sita, kiatu cha wadi.
Ingeletwa na mwanafunzi wangu
ningemwambia atupe.